Jani nililolikuta ndani ya jiwe la makaa ya mawe ni la mti gani?

Swali limetoka kwa kijana anayeendesha lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilaya ya Mbinga. Nafupisha alivyoandika: "Daktari shikamoo. Nikiwa nasubiri zamu ya kupakia nilipasua jiwe la kijivu lililokuwa limetupwa pembeni ya rundo la makaa, ndani nikakuta jani, yaani jani kabisa, lina mshipa katikati na ni refu kuliko kiganja changu. Wenzangu wengine wanasema ni jani la mwembe limegandia, wengine wanasema ni mchoro tu wa maji. Naomba kujua kama ni jani kweli, ni la mti gani, huo mti bado upo wapi, na je hili jiwe lina thamani nilitunze au nitupe? Picha hiyo hapo."

Marahaba mwanangu. Kwanza usilitupe, na safari yako ijayo ukipita pale kwenye rundo tafuta nusu ya pili ya hilo jiwe, nitakwambia baadae kwa nini.

Ni jani kweli. Mti wake unaitwa glosopterisi, vitabuni utaukuta umeandikwa Glossopteris, na haupo tena popote duniani, ulitoweka kama miaka milioni 252 iliyopita. Na hayo makaa unayobeba, kwa sehemu kubwa ni miti hiyo hiyo. Yaani jani ulilolishika mkononi na mzigo ulioko nyuma ya lori lako vimetoka kwenye msitu mmoja.

Sasa tuanze na mwembe, maana wenzako wana sababu ya kusema hivyo, hata wanafunzi wangu mwaka wa kwanza nikiwapa jiwe la namna hii wengi wanasema mwembe au mparachichi. Umbo linafanana sana, jani refu, limechongoka kidogo mbele, limebana kwenye kikonyo, kati kuna uti. Lakini fanya hivi: chuma jani la mwembe, liweke pembeni ya jiwe lako, toka nje asubuhi au jioni wakati jua linapiga kwa ubavu, mchana jua likiwa utosini huoni kitu. Angalia mwembe kwanza. Kutoka kwenye uti wa kati inatoka mishipa ya pembeni minene, michache, unaweza kuihesabu kwa kidole kushoto na kulia, halafu katikati yake ndo kuna vijishipa vidogo vidogo. Haya sasa angalia jiwe. Hiyo mishipa ya pembeni minene haipo! Kuna uti, halafu kuna mishipa myembamba mingi mno, yote unene mmoja, inatoka kwenye uti inajipinda kuelekea ukingoni, na njiani inaungana inaachana, inaungana tena inaachana, mpaka jani zima linakuwa kama wavu wa dagaa umetandazwa. Karibu na uti macho ya wavu ni mapana kidogo, yakienda ukingoni yanabana. Ukiwa na kioo cha kukuzia, hata kile cha fundi saa, angalia na uti wenyewe utaona sio mshipa mmoja mnene kama wa mwembe, ni mishipa kadhaa imelala sambamba kama fimbo zilizofungwa pamoja.

Picha yako nimeikuza nikaona wavu huo vizuri kabisa upande wa kulia, kushoto kuna vumbi. Huo wavu pamoja na uti ndo kitambulisho chake. Ukikuta jani lenye wavu huo huo lakini halina uti unaoeleweka katikati, mishipa inapanda tu kutoka chini inasambaa kama kipepeo cha mkono, huyo ni ndugu yake anaitwa gangamopterisi, anapatikana zaidi kwenye tabaka za zamani zaidi, kwa hiyo weka macho wazi maana kwenye makaa ya rika la kwenu anaweza kuwepo pia.

Kuna sababu nyingine mwembe haiwezekani. Mwembe ni mti wa maua, na mimea ya maua ushahidi wake wa uhakika kwenye miamba unaanza kama miaka milioni 130 iliyopita. Miamba ya makaa ya Ngaka ni ya miaka milioni 270 mpaka 290 hivi. Kipindi hicho hapakuwa na ua hata moja duniani, hapakuwa na nyasi, hapakuwa na ndege, na dinosaria walikuwa bado hawajatokea, walikuja makumi ya mamilioni ya miaka baadae.

Na wale wanaosema mchoro wa maji nao nawajibu, maana hiyo kitu ipo na inadanganya watu wengi. Maji yenye madini ya manganizi yakipenya kwenye ufa wa jiwe yanaacha madoa meusi yenye matawi matawi mazuri sana kama majani ya kangaga, watu wanayauza wakisema ni mmea wa kale. Lakini mchoro wa madini hauna uti, hauna ukingo, matawi yake yanaanzia kwenye ufa na kuishia popote. Jani lina mwanzo na mwisho. La kwako lina ukingo uliokatika vizuri pande zote mbili, kwa hiyo hapo hakuna ubishi.

Tukija kwenye jina, glosa kwa Kigiriki ni ulimi, pterisi ni kangaga, kwa hiyo ni kangaga-ulimi. Aliyelipa jina ni Mfaransa Adolphe Brongniart mwaka 1828, na kwa kuwa alikuwa na majani matupu mbele yake, bila mbegu wala shina, alidhani ni aina ya kangaga. Alikosea upande huo lakini jina limebaki. Unajua shida ya mimea ya kale ni kwamba haikai pamoja. Ng'ombe akifa mifupa yake unaweza kuikuta sehemu moja, lakini mti unaangusha majani hapa, mbegu zinapelekwa na maji kule, shina linaanguka mtoni, mizizi inabaki chini, na kila kipande kinakuja kukutwa na mtu tofauti karne tofauti na kinapewa jina lake. Hivyo jani likawa na jina, mbao ikawa na jina, chavua ikawa na jina, mizizi ikawa na jina, na ilichukua zaidi ya miaka 100 kuviunganisha na kusema jamani hivi vyote ni mti mmoja.

Mizizi yake napenda niiseme kwa sababu huenda umeshaikanyaga mara nyingi bila kujua. Inaitwa vertebraria, maana yake kitu kama uti wa mgongo. Kwenye jiwe inaonekana kama mkanda mrefu uliokatwa vipande vipande vya mstatili, safu mbili pembeni kwa pembeni na mstari kati, mtu akiiona mara ya kwanza anaapa ni mgongo wa samaki au nyoka. Ni mzizi. Vile vyumba vya mstatili vilikuwa na hewa ndani. Mti unaosimama kwenye tope lililojaa maji mwaka mzima mizizi yake inakosa hewa, kwa hiyo huu mti ulijitengenezea vyumba vya hewa ndani ya mzizi wenyewe. Mikoko ya huku pwani nayo ina shida hiyo hiyo ikaitatua kwa kutoa mizizi ya kupumulia juu ya tope, glosopterisi yeye hewa aliiweka ndani. Ukikuta kitu kama hicho kwenye udongo ulioganda chini ya tabaka la makaa, tena kimesimama badala ya kulala, ujue hapo ndipo mti wenyewe ulipoota, haukuletwa na mafuriko, na hiyo kwetu ni habari kubwa kuliko jani lenyewe.

Swali la kangaga lilikuja kufungwa Afrika Kusini. Mwaka 1952 mama mmoja mtaalamu wa mimea ya kale, Edna Plumstead, alitangaza majani ya glosopterisi kutoka Vereeniging ambayo yalikuwa na viungo vya kuzaa vimeshikamana na jani lenyewe, vimebebwa kwenye jani, vikiwa na mbegu. Kangaga haina mbegu. Kwa hiyo huu ni mti wa mbegu kamili. Na mawe yale hayakuchimbwa na msafara wa maprofesa, yalikusanywa na wapenzi wa mawe wa pale pale Vereeniging, watu waliokuwa wanapita machimboni kwa miaka mingi wanapasua na kutunza, kama ulivyofanya wewe ukiwa unasubiri zamu. Mi naamini kabisa kwamba kwenye fani hii macho ya mtu anayeshinda machimboni yana thamani kuliko ya kwangu mimi ninayekuja wiki mbili kwa mwaka.

Sasa uwaze huo msitu ulikuwaje, maana wengi wakisikia makaa ya mawe wanawaza msitu wa joto kama Kongo. Sio hivyo. Kabla ya miti hii sehemu kubwa ya kusini ya dunia ilikuwa chini ya barafu nene, na chini kabisa ya miamba ya bonde la Ruhuhu, ndilo bonde ambamo Ngaka ipo, kuna tabaka zenye dalili za barafu hiyo, kokoto na udongo uliosombwa na barafu kisha ukaachwa ilipoyeyuka. Songea na Mbinga ya wakati ule haikuwa hapa ilipo leo, ilikuwa mbali sana kusini mwa dunia, katikati ya nchi kavu kubwa mno. Barafu iliporudi nyuma yakabaki mabonde mapana, mito inayozunguka zunguka, vinamasi, na humo glosopterisi akatawala. Miti mirefu, mingine inakadiriwa ilifika mita 30, mbao yake inafanana na ya jamii ya misonobari. Chini kulikuwa na kangaga na mimea yenye pingili kama mianzi midogo inayopenda maji.

Na ilikuwa inapukutisha majani kwa msimu. Tunajuaje? Kwanza mbao iliyogeuka jiwe ina pete za mwaka zilizo wazi kabisa, msimu wa kukua na msimu wa kusimama. Pili namna majani yanavyokutwa, hayakutwi moja moja, yanakutwa yamelaliana kama mkeka, jani juu ya jani, halafu tabaka jembamba la tope, halafu mkeka mwingine. Kwa hiyo kama jiwe lako nene kidogo, ndani yake kuna majani mengine, nakuhakikishia, na hilo moja uliloliona ni lile ufa ulipopita tu. Kwenye mengine utaona ukingo umeliwa nusu duara nusu duara, hao ni wadudu, walikula jani likiwa bichi mtini, na jani likajiponya kwa kuweka kovu pale walipouma, na hilo kovu unaliona mpaka leo kama mstari mweusi kuzunguka sehemu iliyoliwa. Mi hilo ndo huwa linanigusa kuliko yote, kwamba kajidudu kalikuwa na njaa siku moja na alama ya meno yake bado ipo.

Makaa yalitokeaje? Majani, matawi, magogo na mizizi vilianguka kwenye maji yasiyotembea yenye hewa kidogo, havikuoza vikaisha, vikarundikana vikawa mboji nyeusi nene. Bonde likawa linadidimia taratibu, mito ikaleta mchanga na tope juu yake, uzito ukakamua maji, joto la chini likapika kwa mamilioni ya miaka, mboji ikawa makaa. Kwa kawaida hutajwa kwamba mita 1 ya makaa inahitaji kama mita 10 za mboji, kwa hiyo ukisimama mbele ya ukuta wa makaa wenye mita 3 fikiria mita 30 za takataka za msitu. Na lile jiwe la kijivu mnalolitupa pembeni kwa sababu haliwaki ni lile tope la mto lililofunika msitu, ndo maana jani limekaa humo vizuri, kwenye makaa yenyewe majani yamepondeka mpaka huyaoni kwa macho. Taka za mgodi kwetu sisi ndo maktaba.

Sio Ngaka peke yake. Mchuchuma kule Ludewa, Kiwira, yote ni familia hiyo. Vuka Msumbiji kwenye makaa ya Moatize, Zimbabwe pale Hwange, Afrika Kusini eneo la Witbank, Madagaska kusini magharibi, vuka bahari mpaka India kwenye machimbo ya Jharia na Raniganj, nenda Queensland Australia, kote huko ukipasua jiwe la kijivu juu ya makaa ya rika hili unakutana na ulimi huo huo wenye wavu huo huo. Hapo ndo watu wa zamani walipoanza kukuna vichwa, mti mmoja umefikaje sehemu zote hizo na katikati kuna bahari ya maelfu ya kilomita? Eduard Suess, mtaalamu wa Vienna, miaka ya 1880 alisema lazima hizi nchi ziliwahi kuungana, akaipa hiyo nchi moja jina Gondwana, kutoka eneo la India ya kati ambako miamba hii ilikuwa inajulikana. Yeye alidhani sehemu za katikati zilizama baharini. Mjerumani Alfred Wegener mwaka 1912 akaja na wazo zito zaidi, kwamba hakuna kilichozama, mabara yenyewe yamesogea yakaachana, na jani hili likawa moja ya ushahidi wake. Wengi walimkatalia, na ilichukua mpaka miaka ya 1960 ndo wazo la mabara kusogea likakubalika kwa wengi.

Na kuna mawe mengine yenye jani hili ambayo yalibebwa kwa gharama kubwa kuliko mawe yote ninayoyajua. Mwingereza Robert Scott alifika Ncha ya Kusini tarehe 17 Januari 1912 na wenzake wanne, wakakuta Mnorwe Amundsen ameshawatangulia kwa zaidi ya mwezi. Wakageuka kurudi wakiwa wamechoka, chakula kinapungua, miguu inaganda. Mwezi wa pili, kando ya mto wa barafu wa Beardmore, wakasimama kwenye miamba ya mlima Buckley, na Edward Wilson, daktari aliyekuwa mkuu wa wanasayansi wa msafara, akakuta makaa na mawe yenye chapa za majani. Wakayachukua. Kama kilo 16 za mawe, wakaziweka kwenye kigari cha barafu walichokuwa wanakivuta wenyewe kwa mabega, na hawakuyatupa hata walipokuwa wanapunguza mizigo mingine. Wote watano walikufa njiani. Watu waliokwenda kuwatafuta walikuta hema lao mwezi wa Novemba mwaka huo, na mawe yapo. Mwaka 1914 profesa Albert Seward wa Cambridge aliyachunguza akathibitisha kwamba ni glosopterisi. Kwa hiyo Antaktika, kule ambako leo hakuna mti hata mmoja, palikuwa na msitu, na msitu wenyewe ni huu wa Mbinga. Nikiwaeleza watu hili huwa nawaomba washike jiwe mkononi kwanza.

Umeuliza mti huo bado upo wapi. Haupo, na ulivyoisha inasikitisha. Mwisho wa kipindi cha Permiani, kama miaka milioni 252 iliyopita, kule Siberia volkano zilimwaga lava nyingi mno kwa muda mrefu, hewa ya ukaa ikajaa, joto likapanda, bahari zikakosa oksijeni, na viumbe wengi mno wakafa nchi kavu na baharini, hakuna kufa kwingine kukubwa kama huko kwenye historia yote ya dunia. Misitu ya glosopterisi ikaenda na hiyo. Kwenye miamba ya Australia unaona tabaka la mwisho la makaa, na juu yake majani haya hayapo tena, yanakuja mengine. Halafu kwa kama miaka milioni 10 duniani hakukutengenezwa makaa ya mawe popote, hiyo nafasi tupu ipo kwenye miamba ya mabara yote, kwa sababu mimea ya kujaza vinamasi na kutengeneza mboji ilikuwa imeondoka. Kwenu Ruhuhu hadithi hii imeandikwa kwa ngazi, chini barafu, juu yake makaa na majani, juu yake tena miamba yenye mifupa ya wanyama wa mwisho wa Permiani, wakali wenye meno kama visu na wala majani wenye mdomo kama wa kobe, halafu juu kabisa miamba ya Manda yenye wanyama wapya wa kipindi cha Triasiki, kile kilichofuata baada ya Permiani. Kuna nchi chache sana duniani ambazo mtu anaweza kutembea na miguu yake kupita yote hayo.

Ndugu wa karibu aliye hai hakuna. Ila kuna kitu kimoja tunachokijua kutoka Queensland, mwaka 2003 watafiti walitangaza mbegu za glosopterisi zilizogeuka jiwe vizuri kiasi kwamba ndani yake waliona mbegu za kiume zenye uwezo wa kuogelea, kwa kipimo cha darubini. Miti mingi ya leo haina hiyo kitu, lakini mtapo unayo. Mtapo ule wa pwani, unaoonekana kama mnazi mfupi wenye majani magumu ya kuchoma, upo misitu ya Tanga, Kwale na kwingine, nao bado unazaa kwa njia hiyo ya zamani. Ukitaka kuona kitu kilicho hai kinachokumbuka namna glosopterisi alivyokuwa anazaa, nenda kauone mtapo, na kama shambani kwenu upo usiukate.

Haya, thamani. Kwa pesa, sitakudanganya, jani la glosopterisi sio dhahabu, ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale ndani ya jiwe, kinachopatikana kwa wingi, na akija mtu akakwambia anakununulia umpelekee nje ya nchi kataa, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kale, kuyachimba kwa kuyatafuta au kuyatoa nje bila kibali ni kosa. Thamani yake iko kwenye kujua limetoka wapi. Jiwe lenye jani bila maelezo ni pambo la mezani. Jiwe hilo hilo likiwa na karatasi inayosema limetoka machimbo gani, juu ya tabaka la makaa au chini yake, umbali gani, siku gani, hilo linaweza kutumika kulinganisha makaa ya Ngaka na ya Mchuchuma na ya Msumbiji tukajua lipi ni kubwa kwa umri. Kwa hiyo andika leo leo kabla hujasahau, andika kwa penseli au kalamu isiyofutika, bandika nyuma ya jiwe. Waulize waendesha mitambo limetolewa upande gani wa shimo. Lakini usiende kusimama chini ya ukuta wa mgodi kutafuta mengine, mawe yale ya kijivu yakilowa yanaporomoka bila kukupa taarifa, tafuta kwenye marundo yaliyokwisha kumwagwa na kwa ruhusa ya msimamizi.

Usilioshe. Ule weusi unaong'aa juu ya jani ni jani lenyewe, kaboni yake halisi, maji na brashi vitaondoa dakika moja kitu kilichokaa miaka milioni mia mbili na ushee. Usilipake vanishi wala mafuta. Vumbi la upande wa kushoto lipulize tu kwa mdomo. Mawe ya namna hii yakitoka ardhini na kukauka haraka juani yanachanika yanakuwa kama majivu ya karatasi, nimepoteza vielelezo vizuri sana kwa namna hiyo nyuma ya pikapu, kwa hiyo lifunge kwenye gazeti safu tatu nne, liweke kwenye boksi kivulini, likauke polepole wiki kadhaa. Kwenye kabini ya lori juu ya dashibodi ndo sehemu mbaya kuliko zote.

Na ile nusu ya pili. Ukipasua jiwe jani linagawanyika, upande mmoja unabaki na jani na upande wa pili unabaki na chapa yake, na mara nyingi kitu ambacho hakionekani upande huu kinaonekana ule. Hasa viungo vya kuzaa. Nimekuza picha yako mara nyingi, karibu na kikonyo, juu ya uti, kuna duara dogo kama kifungo cha shati, limevimba kidogo. Inaweza kuwa tope tu. Ila inaweza pia kuwa kile alichokitangaza Plumstead mwaka 1952, na kama ndivyo hilo jiwe linahesabika tofauti kabisa na mengine. Piga picha mpya jioni, mwanga wa pembeni, weka sarafu ya shilingi 200 karibu nalo ili nijue ukubwa, piga karibu kabisa pale kwenye kikonyo, kisha nusu ya pili ukiipata ipige vivyo hivyo. Ukija Dar unaweza kulileta kwenye idara ya jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makumbusho ya Taifa, ukiwa njia ya Dodoma kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, popote utakapolipeleka hakikisha jina lako linaandikwa kwamba wewe ndo uliyelipata, na karatasi yako ya maelezo inabaki na jiwe.